Puli Iliyonukia Mawaridi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili msijisumbue kumtafuta mwingine.

Kazi yangu katika banda la ndege ni matambara: nayafua, nayaanika, nayakata, nayapanga kwenye debe. Nilisoma hadi darasa la tano. La sita nililichungulia dirishani. Lakini fundi wa pale ni kitinda mimba wangu, binti wanayemwita Spana, na mama wa fundi naye hujiona fundi kidogo.

Siku hiyo Spana alikuwa anapimwa. Mkaguzi alikuja na kalamu mbili na uso mmoja, nao ulikuwa wa msibani. Ndege ndogo ya viti vinne ilikuwa na kasoro. Spana akiipata kabla ya saa sita mchana, anapata leseni yake. Akikosa, anarudi kuwa msaidizi mwaka mzima, chini ya fundi mkuu anayeweza kukoroma akiwa amesimama.

Kasoro yenyewe alikwisha kuisikia jana yake. Alikanyaga pedeli, kitu kikalia kwi, kwi, mahali fulani kuelekea mkiani. "Kesho naifuata sauti tu, Mama, hadi kwake," akaniambia, akalala kama mtoto aliyeshiba.

Basi asubuhi mimi nikatangulia kufagia. Nikaingia ndani ya ndege kupangusa vumbi, goti langu likagusa pedeli: kwi! Nikasema, ala, hiki si kilio cha mlango wangu wa chooni, ule unaonyamaza nikiupaka mafuta? Nikafungua kifuniko chini ya kiti cha nyuma, nikaona waya wa chuma umepita juu ya puli, kigurudumu chenye mfereji katikati. Nikatoa kopo langu la mafuta ya mgando, yale ya mawaridi, nikaipaka ile puli kama kitoto kilichotoka kuoga. Nikabonyeza pedeli. Kimya. Nikarudisha kifuniko, nikajisifu hadi mlangoni kwamba kazi ya mwanangu nimeimaliza.

Mkaguzi alipofika akapanga makopo mezani: grisi nzito, mafuta mepesi ya kuzuia kutu, mafuta ya cherehani.

"Waya utaupaka nini?"

"Haya mepesi," Spana akajibu. "Kwa tambara, halafu naufuta ubaki na unyevunyevu tu. Grisi inakamata mchanga, na mchanga unausaga waya."

"Na puli?"

"Sipaki kitu."

"Hata kidogo?"

"Beringi yake imefungwa kiwandani, mafuta yamo ndani. Ikigoma haipakwi, inatupwa."

Nikalisukuma kopo langu chini kabisa ya mfuko.

Spana akakanyaga pedeli. Kimya. Akakanyaga tena, kimya cha makaburini. Puli zilikuwa ishirini na mbili, nyingine nyuma ya mabati. Kuzifungua zote ni kazi ya siku mbili. Akalala chali na tochi, akatambaa, akatoka na vumbi hadi kwenye kope. Saa sita kasorobo mkaguzi akatazama saa yake.

"Imepona yenyewe?"

"Chuma hakiponi, mkuu. Jana ilikuwa inalia."

"Kilio cha jana hakijazi fomu ya leo."

Moyo wa mama si jiwe, lakini ulimi wa mama una njia za panya. Nikakohoa. "Mwanangu mkaguzi, mimi jana niliota ndoto. Puli ya chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa mgonjwa."

"Ndoto inajua kushoto na kulia?"

"Za uzeeni zina maelezo."

Spana akafungua kifuniko, akaingiza kichwa, akanusa. Akanigeukia taratibu. "Mama. Hii ndoto inanukia mawaridi."

Mkaguzi akafunga daftari. "Basi fundi ameonyeshwa kasoro na mama yake. Mtihani umekwisha."

Hapo ujanja ukaniishia. Nikalitoa kopo mfukoni, nikaliweka mezani kando ya yale matatu. "Aliisikia mwenyewe jana. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo asubuhi. Nifukuze mimi, baba, si yeye."

Spana hakunitazama. Akachukua tambara langu, akafuta mafuta yote. Tambara likanasa kwenye waya: nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Akaniambia nibonyeze pedeli. Kwi! Waya ukapita, puli ikakaa palepale haizunguki, imechimbwa mfereji juu ya mfereji.

"Beringi imeganda," akasema. "Waya unaburuzwa na kukatika. Ndege hii hairuki. Puli mpya, waya mpya."

Saa sita kasoro dakika tano. Mkaguzi akamsukumia fomu. "Andika na kilichofanya sauti ipotee."

Spana akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Puli ilipakwa mafuta ya mwili na mfua matambara wa banda hili, ambaye ni mama yangu mzazi, bila ruhusa."

"Na huko kuzaa umekuandika?" nikauliza.

"Fundi anayemwandika hata mama yake," mkaguzi akasema, "hataificha puli." Akatia sahihi. Uso wake wa msibani ukalegea kidogo, kama wa mtu aliyeletewa chai msibani.

Sikufukuzwa. Ila kopo langu sasa naliacha getini kwa mlinzi, ambaye siku hizi mikono yake imekuwa laini ajabu. Na mlango wangu wa chooni ukilia, naushika kwanza, nauuliza unaumwa wapi.