Labda ya Huseni

Huseni alisema "labda". Watiri alilisikia neno hilo kwa masikio yake mawili, akiwa amelala chali, tumbo wazi, limepakwa mafuta baridi kama sufuria inayoandaliwa mkate. Hata leo ukimwuliza atakwambia Huseni alilisema mara mbili, na mara ya pili alimtazama Kahiga usoni.

Ilikuwa Aprili mwaka wa 1987, katika kliniki moja ya ghorofani mjini Nyeri. Kliniki hiyo ilikuwa imeleta mashine ya kumtazama mtoto tumboni, na sifa zake zilikuwa zimeshuka milima na kupanda mingine hadi kule juu ya Kiriaini, kwenye vishamba vya chai alikoolewa Watiri. Watu walisema mtoto huonekana wazi kabisa, kama mtu anayesoma habari kwenye televisheni. Waliosema hivyo hawakuwa wameiona mashine, na wengi wao hata televisheni hawakuwa nayo.

Kahiga, mume wa Watiri, alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano huko Timau, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Mwezi huo alifika akamwambia mkewe avae nguo ya kanisani, wanakwenda Nyeri. Hakumwuliza kama anataka kwenda. Walikuwa na wasichana watatu tayari, na Kahiga alitaka kujua kama wa nne anafaa kungojwa.

Kwetu majina hayaokotwi njiani. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya mume, kwa hiyo wa kwanza wa Watiri aliitwa Murugi, kama mama mkwe wake. Wa pili alimzaa Waithira, mama yake Watiri, yaani alipewa jina lake. Wa tatu akamzaa Wamucii, dada yake Kahiga, ambaye ni mtawa na hatazaa. Mvulana wa kwanza angekuwa Wamae, jina la baba yake Kahiga, na kwa kuwa Kahiga alikuwa mwana wa kiume wa pekee, mzee huyo hakuwa na mlango mwingine wa kuzaliwa tena duniani. Kila mimba ya Watiri ilikuwa ya ukoo mzima, na kila msichana aliyetoka alipokelewa kwa vigelegele vitatu vya haraka haraka, vya watu wanaotaka kurudi shambani.

Basi Huseni, kijana mpole wa mtaa wa Majengo aliyesomea kazi hiyo Nairobi, alikizungusha kile kidude cha mashine tumboni, akakigeuza, akamwomba Watiri alale ubavu, akarudia. Mwishowe akasema mtoto amekunja miguu na mimba bado ni changa.

"Sioni vizuri," alisema. "Mkinilazimisha, nitasema msichana, lakini ni labda tu. Mtoto akilala hivi, katika kumi naweza kukosea watatu. Rudini baada ya wiki nane. Nasema labda, bwana."

Kahiga alishuka zile ngazi akiwa amebeba "msichana" peke yake.

Jumapili iliyofuata aliwakusanya watu nyumbani kwa wazazi wake. Alikuwepo mama yake, Murugi mkubwa. Alikuwepo Kingori, ndugu wa baba yake, mzee wa baraza ambaye huitwa panapogawanywa shamba. Na alikuwepo mzee Wamae mwenyewe, kwenye kiti chake karibu na mlango. Watiri aliingia na chai, akawakuta wamenyamaza kama watu wanaongoja aondoke. Kahiga hakumngoja aondoke.

"Mashine imeona," alisema. "Ni msichana tena. Huyo si wangu, ni wa huyu mwanamke. Ampatie jina ya kwao, hata ya baba yake akitaka. Baba yangu atazaliwa Timau, niko na mtu huko."

Kicheko kidogo kilimtoka aliposema "hata ya baba yake", kwa maana msichana hawezi kupewa jina la babu. Ilikuwa dharau iliyotiwa chumvi ili ichome zaidi. Watiri alisimama na birika mkononi, akasema Huseni alisema labda. Murugi akamjibu kwamba wazaa wasichana hawakosi labda. Kingori alikohoa, akalichunguza zulia. Nalo neno lilikuwa limekwisha kutoka mbele ya mzee wa baraza, na neno la namna hiyo ni maji yaliyomwagika.

Watiri alimtazama mzee Wamae. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Ndiye aliyemnolea panga tangu alipokuja kuolewa, ndiye aliyemshonea mkanda wa kikapu cha chai ulipokatika, ndiye aliyewabeba wasichana wake mabegani wakati baba yao hakujua hata meno yameota mangapi. Watiri alimpenda mzee huyo kuliko alivyompenda mwanawe, na hakuona haya kujiambia hivyo. Alingoja aseme. Lolote tu.

Mzee Wamae alinywa chai yake.

Juma lililofuata Kahiga aliwachukua mbuzi wa posa kuwapeleka kwa wazazi wa huyo mwanamke wa Timau. Walikuwa mbuzi ambao Watiri aliwakatia majani kila jioni na mgongo umekwisha kuchoka na chai. Aliwaona wakipita akiwa katikati ya mistari ya chai, na alimwona pia aliyewafungulia lango. Alikuwa mzee Wamae. Alilishika wazi mpaka wa mwisho akapita, kisha akalifunga vizuri, jinsi anavyofanya kila kitu, taratibu.

Hapo hasira ikamkaa Watiri, na hakuifukuza. Alichuma chai nayo Mei na Juni, akapanga foleni nayo kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Wanawake walimpa pole, wakamwambia avumilie, mwanamke ni kuvumilia. Aliwaambia pole zao wazipeleke Timau. Kutazamwa mara ya pili hakwenda, kwa sababu hakuna aliyempeleka na yeye mwenyewe hakutaka tena mtu amchungulie. Katika boma lile mimba yake ilikuwa imekwisha kuzaa. Kila mtu alijua alichozaa, na hakuna aliyengoja kitu.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya Agosti, ukungu umelala chini hadi huoni mche wa pili. Alikwenda kwa miguu hadi kituo cha afya, akiongozana na binti yake Murugi mdogo. Kabla ya adhuhuri alizaa, na muuguzi, mama mmoja mnene aliyeitwa Monicah, akamwinua mtoto amwone.

Mvulana.

Watiri alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, Monicah akaweka mkono kwenye paji lake kuangalia kama ana homa. Watiri alimweleza habari za mashine ya Nyeri, na Monicah hakushangaa hata kidogo. Alisema mtoto akikaa vibaya, au mtu akitazama mapema, hata bingwa hudanganyika, na wanaoijua kazi husema labda.

"Nyinyi mnasema," Watiri alimjibu. "Shida ni wenye masikio."

Monicah akachukua karatasi, akauliza mtoto ataitwa nani. Watiri hakufikiri hata kidogo, maana alikuwa ameambiwa jibu miezi minne iliyopita mbele ya mashahidi. Ngatia. Lilikuwa jina la baba yake, mtu mfupi mwenye domo, ambaye siku moja alisimama barazani peke yake akamwambia chifu anadanganya, akalala selo, akarudi na kusema vilevile. Monicah aliuliza kama huyo Ngatia ni baba ya mume. Watiri alimwambia aandike tu.

Habari ilifika Timau upesi kuliko barua. Siku ya nne, mchana, Watiri akiwa ameketi kitandani na mtoto, alisikia vigelegele langoni. Alivihesabu. Kimoja, viwili, vitatu, na Murugi mkubwa hakuishia hapo. Alipiga vyote vitano, vya mvulana, kwa koo ambalo miezi minne halikuwa limemsalimu Watiri. Nyuma yake alikuja Kahiga na shati jipya, Kingori, na mzee Wamae na fimbo yake. Walikuwa wamebeba uji kwenye kibuyu na blanketi ndani ya karatasi ya duka.

Waliketi. Kahiga alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu alichokuwa amekitupa mwenyewe. Alianza na Huseni. Alisema atakwenda Nyeri kumtoa yule kijana meno, kwamba mashine yao imemwaibisha, kwamba wamwombe msamaha. Kisha akanyoosha mikono na kumwita mtoto Wamae.

"Huyo anaitwa Ngatia," Watiri alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwa hiyo hakuna aliyeelewa mara moja. Murugi ndiye aliyeelewa kwanza, akashika kichwa. Kahiga alisema hizo ni hasira za uzazi, zitapita. Watiri alimgeukia Kingori, akamwomba kwa adabu, kama mtu aliye barazani, aseme alichosikia Jumapili ile ya Aprili. Kingori alihangaika kitini. Lakini alikuwa mzee wa mipaka, na mzee wa mipaka akisema uongo mara moja tu mashamba yote aliyogawa yatafukuliwa. Alisema Kahiga alitamka kwamba mtoto si wake, na kwamba mama ampe jina la kwao, hata la baba yake.

"Nilidanganywa na mashine," Kahiga alisema.

"Mashine haikukudanganya. Huseni alisema labda, na wewe uliiacha kwa ngazi." Watiri alimpakata mtoto karibu zaidi. "Na hata angekuwa msichana. Ati huyo hangekuwa wako? Hawa watatu ni wa nani?"

Kahiga alisimama. Alisema jina la ukoo wake haliwezi kuibwa na mwanamke, kwamba ataibadilisha karatasi, kwamba kama ni hivyo afunge mizigo yake aende kwao na huyo Ngatia wake. Murugi akaongeza yake. Watiri aliwajibu wote wawili kwa pamoja, sauti imepanda, hajali tena nani mama mkwe na nani mume. Aliyataja majani ya mbuzi. Alitaja Mei na Juni. Mtoto alianza kulia na hakuna aliyemsikia.

"Kahiga, nyamaza," mzee Wamae alisema. "Keti chini. Mtoto ni Ngatia."

Hakupaza sauti. Fimbo yake ilikuwa imelala mapajani, hakuiinua. Na Kahiga, mwanamume wa miaka thelathini na minane, fundi wa matrekta, mwenye nyumba mbili, alifunga mdomo katikati ya neno na kuketi. Murugi naye akanyamaza. Akabaki mtoto peke yake na kilio chake.

Mzee akaendelea kusema, macho chini, kwamba neno lilitoka mbele ya Kingori na halirudi, kwamba huyu mwanamke hafungi mzigo wowote, na kama yeye hatazaliwa basi hatazaliwa, hakuwa wa kwanza. Kisha akaomba apewe mtoto amshike kidogo.

Watiri alikuwa ameshinda. Alilijua hilo. Alikuwa amejiandaa kumwona Kahiga ameaibika, na Kahiga alikuwa ameaibika, ameketi hapo kama mtoto aliyepigwa kofi kanisani. Hakumtazama. Alimtazama mzee, na hasira iliyompanda kifuani ilikuwa kubwa kuliko ile ya siku ya mbuzi.

Maneno machache. Yalikuwa hayajamtoa hata jasho. Kahiga alikuwa ameketi kabla hayajaisha, kama ambavyo angeketi Aprili, kama ambavyo angewarudisha mbuzi zizini kama mtu angebaki amesimama langoni bila kulifungua. Miezi minne Watiri alikuwa amemsamehe mzee huyu kila asubuhi, akijiambia amezeeka, hana nguvu mbele ya mwanawe, anaumia kimya kimya kama mimi. Alikuwa ameulilia huo unyonge wake. Kumbe hakuwa mnyonge.

"Baba," alisema, "kumbe ungeweza?"

Mzee Wamae alikuwa bado amenyoosha mikono yake miwili. Watiri alimfunika mtoto kwa khanga, akageukia naye ukutani na kumpa ziwa, na mikono ile akaiacha ilivyokuwa.