Jozi ya Nazi

"Acha nazi, mama," nilimwambia tukiwa bado uani. "Tunaenda kutazama nyumba, hatuendi arusini."

Mama akaendelea kuzifunga mbili pamoja kwa nyuzi za makumbi. "Mimi, Kahonzi, niende kwa watu mikono mitupu? Hivyo ndivyo nilivyokulea, Kache? Mkono mtupu haulambwi."

Heshima ya mama yangu ingemkaribisha chai hata mwizi. Kesi yetu ya shamba la mkwajuni ilikuwa isikilizwe mwezi ujao, na aliyetushitaki ndiye huyo huyo aliyetualika: Gharib, mjukuu wa tajiri aliyejenga ile nyumba ya mawe na kusimamia kutoka humo mashamba yote ya mtama, hadi njia ya Marereni. Ameikarabati, sasa anawaita majirani waione. Ujirani mwema, alisema. Sisi tegemeo letu lilikuwa moja tu: babu, mzaa baba, hakuwahi kupeleka hidaya ya mavuno kwenye nyumba ile. Wenzake wote walipeleka, yeye alikataa, kwa kuwa shamba lilikuwa lake.

Gharib alitupokea mlangoni. "Shikamoo, mama. Karibuni, nyumba ni yenu." Akazipokea nazi kwa mikono miwili, akampa mtumishi.

"Za shamba lile la mkwajuni?" aliuliza.

"Za minazi ya baba mkwe wangu," mama akajibu kwa furaha.

Ghorofani palinuka chokaa mbichi na popo. Dirisha lilikuwa moja, pana, limeelekea mashambani. Nilichungulia nikaliona jiko letu, kanga yangu kambani, bafu letu la makuti lisilo na paa, na kaburi la baba. Maisha yangu yote nimeoga mle nikidhani sionekani.

"Babu yangu alikuwa akikaa hapa kutwa," Gharib alisema. "Alipenda kujua nani yuko na nani hayuko."

Tuliposhuka akatuonyesha safu ya kulabu za chuma ukutani. "Hapa wakulima walitundika malimbuko yao. Mtu akishatundika, basi, amekiri shamba ni la nani. Mzee wenu alikuwa mkaidi. Kulabu yake ni ile ya mwisho."

Kulabu zote zilikuwa tupu isipokuwa hiyo. Jozi yetu ya nazi ilikuwa inaning'inia pale, na Gharib alikuwa ameshatoa simu, anampiga mama picha akiwa chini yake.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Kache, ziteremshe."

Nikanyoosha mkono.

"Mama," Gharib aliuliza kwa upole, "kwenu kitu kikishatolewa hurudishwa?"

Niliogopa, kwa sababu nilijua jibu la mama kabla hajafungua kinywa. Akaushusha mkono wangu.

"Acha, mwanangu," alisema. "Twende zetu."

Gharib alitusindikiza hadi barazani.

"Karibuni tena mwakani, mama," alisema. "Msimu kama huu."