Mizigo Tu, Watu Hapana

Mwamba alikuwa na ule uchovu usioisha kwa kulala. Alichoka mgongo, alichoka macho, alichoka hata masikio kwa kusikiliza Kanta yake kuukuu, gari la mizigo, ikikohoa toka Kashikishi mpaka Mansa, na toka Mansa mpaka Kashikishi. Kila aliporudi, mkewe Yolande alimngoja mlangoni na swali lile lile.

"Umerudia na nini?"

"Na miye mwenyewe."

Yolande alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka vilevile, kisha akamtilia maji ya kuoga. Basi ndiyo maisha yao yalivyokuwa. Gari linakwenda limeshiba samaki wakavu, linarudi tupu, na mafuta ya kurudia yanatoka mfukoni mwa nani? Mwamba hakutaka kujua.

Ziwa Mweru lilipofunguliwa tena mwezi wa tatu, marufuku ya kuvua ilipokwisha, wavuvi wakarudi majini na samaki wakajaa sokoni, Yolande alimkalisha chini. Alikuwa akianika chisense, wale samaki wadogo wa Mweru, na hakuinua uso alipoanza kusema.

"Mwamba, sikia. Kwenda iko na bei, na kurudia iko na bei. Gari ikirudia na mupepo, mupepo hailipe."

"Batu ya hapa balizoea kulipa kwenda tu."

"Balizoea juu ulibazoeza. Na ile ya bure imekwisha leo. Leo jirani na kitanda yake, kesho mutu wa kanisa na mabati yake, keshokutwa ndugu ya ndugu. Bure, bure! Gari itakufa bure, na sisi nyuma yake."

Mwamba alitaka kubisha, akakosa nguvu. Na tuseme ukweli, mwanamke alikuwa na haki. Walivuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, wakikimbia risasi, mikononi hawana kitu, wakalima mihogo kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi mpaka wakapata gari hilo. Halafu mwaka jana, kwenye njia ya Mununga, breki zilikataa, gari likalala ubavu na samaki wa watu wakamwagika mtaroni. Mwamba aliwalipa wenye samaki wote. Cherehani ya Yolande ilikwenda, mihogo yote ikang'olewa haijakomaa, na watoto wakakaa nyumbani muhula mzima. Gari likianguka mara nyingine, hakukuwa na cherehani ya pili ya kuuza.

Ndiyo maana mama Thelma alipokuja, walimpokea kwa kiti kizuri. Thelma alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa samaki pale Kashikishi, mwanamke wa maneno machache na kilemba kikubwa. Alitaka gari la kila wiki. Wakamwambia bei, kwenda na kurudi. Akaihesabu kwa vidole, na Mwamba akafumbua mdomo kuipunguza. Yolande akamkanyaga mguu.

"Nitalipa," akasema Thelma. "Lakini samaki yangu haipande bila asiransi. Miye niliona ile ya Mununga kwa macho yangu, ba Mwamba."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwamba alikubali hata kabla mama wa watu hajamaliza.

Kesho yake akaifuata asiransi hiyo Nchelenge, bomani, kwa kijana mmoja aliyeitwa Kingsley, wakala wa bima mwenye meza moja na tai moja. Kingsley alimweleza polepole, kwa Kiswahili cha sokoni, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Mzigo ukimwagika, wanalipa. Gari likigonga ukuta wa mtu, wanalipa.

"Lakini ni gari ya mizigo, ba Mwamba. Mutu akipanda nyuma, hata moja, ile karatasi inakufa."

"Hata bamama ya samaki? Banakaliaka juu ya mzigo yabo."

"Hata bo. Wakianguka, sisi hatujui wewe. Utalipa peke yako, na gereza utaingia peke yako."

Mwamba akatoa pesa zilizokuwa zimebaki nyumbani, zote. Alipofika Kashikishi alikopa rangi nyekundu akaandika mlangoni mwa gari, herufi zikipanda na kushuka: MIZIGO TU, WATU HAPANA. Wenye samaki waliposoma walipiga makofi ya dharau. Tangu lini samaki akasafiri peke yake? "Ai! Ba Mwamba amekuwa muzungu!" wakamcheka. Wawili wakapeleka vikapu vyao kwa gari jingine. Mwamba alikaa nyuma ya usukani, akijiambia kwamba Jumanne mzigo wa mama Thelma utaanza, na kwamba mtu aliyelala ubavu mtaroni hachekwi mara mbili.

Jumamosi alfajiri, Bana Kalaba akafa.

Huyo Bana Kalaba ndiye bibi aliyewapokea walipotoka kambini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakuwa na jembe, akampa Yolande kapu la chisense na kumwonyesha namna ya kuanika bila kuoza. Chumba chao cha kwanza kilikuwa chake. Kodi alikuwa akisahau kuidai, au alijifanya kusahau, maana kwa mambo mengine kichwa chake kilikuwa chepesi mno. Mwamba alilia kweli. Na katikati ya kulia, Mungu amsamehe, akawaza gari.

Kwa maana Kashikishi gari haliombwi kwa ajili ya maziko. Hakuna anayekuja kubisha hodi na kusema tafadhali. Mwenye gari akifiwa na jirani, watu wanapanda, wanaimba, naye anawasha. Na kukataa ni neno ambalo Mwamba hakuwahi kulisikia likisemwa.

Usiku wa kilio alikaa kando ya moto na wanaume akitafuta maneno. Jeneza ni mzigo, alijiambia. Jeneza nitalibeba. Watu watembee nyuma, nitaenda pole. Njia ya makaburini ni mchanga mtupu na mteremko mkali unaoshukia kijito, kisha unapanda. Vikongwe wangetembeaje? Hilo akalisukuma pembeni. Alitaka kumuuliza Yolande, lakini Yolande alikuwa ndani na wanawake, sauti imemkauka kwa kulia.

Saa nne asubuhi alilifuata gari akiwa na maneno yake mdomoni, na akakuta limeshajaa.

Jeneza lilikuwa katikati. Vikongwe wamelizunguka, miguu imenyooshwa, wanaimba kwa Kibemba polepole. Vijana wameshika kingo. Mbele kabisa, mkono juu ya kifuniko, ameketi Yolande. Yolande huyo huyo! Wa bure imekwisha leo! Hakumtazama mumewe. Na karibu naye, tai shingoni, vumbi magotini, ni Kingsley.

Mwamba akazunguka mpaka upande wa kijana, akamwita kwa sauti ya chini.

"Kingsley. Weye ndiye ulinikataza."

"Ndiyo."

"Ulisema hata moja."

"Nilisema, ba Mwamba." Macho yake yalikuwa mekundu. "Huyu ni dada ya mama yangu. Miye mwipwa wake, ndiye nitamuingiza mu shimo. Ulitaka nifike na miguu?"

"Na tukianguka?"

"Asiransi hailipe. Hilo halijabadilika." Kingsley akajipangusa pua kwa ncha ya tai. "Basi usituangushe, ndugu yangu."

Mwamba alisimama pale, mkono juu ya herufi zake nyekundu. Maneno aliyoyapanga usiku kucha yalikuwa bado mdomoni. Angeweza kuyasema. Badala yake alimkumbuka Chouchou, binti yao, aliyekufa kwa homa kambini masika ya kwanza, na gari lililokuwa limeleta magunia ya unga siku ile. Dereva alishusha gunia la mwisho, akaona watu wamesimama na sanduku dogo la mbao kwenye matope, akafungua mlango wa nyuma. Aliwapeleka makaburini, akangoja injini ikiunguruma, akawarudisha.

Mwamba akapanda, akawasha.

Alikwenda kwa gia ya kwanza njia nzima. Baiskeli zilimpita. Kuku walimpita! Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kuondoa mkono kwenye usukani kulifuta. Kila shimo alilizunguka. Kwenye mteremko wa kijito alisimama, akashuka, akatazama magurudumu, akazikanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama, akapanda tena. Nyuma wimbo haukukatika. Akaachilia kidogo kidogo, mguu wa kulia juu ya breki mpaka goti likauma, akiomba kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, na kwa Kibemba kile kidogo alichokijua. Breki zilishika. Gari likavuka, likapanda, likafika.

Wakamzika Bana Kalaba. Kisha wote wakapanda tena, maana nani angewaacha kule? Na Mwamba akaanza upya ile adhabu, safari hii mteremko ukiwa upande wa pili.

Waliposhuka, vikongwe walipita mlangoni mwake mmoja mmoja, wakapiga makofi taratibu kwa heshima. "Natotela, ba Mwamba." Asante. Hata wale waliomcheka sokoni. Kingsley alishuka mwisho.

"Kesho leta gari nitazame zile breki," akasema. "Sikuzipenda pale mu kijito."

"Hata miye," akajibu Mwamba.

Jioni alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mikono bado imekunjika kama imeshika usukani. Yolande alileta ndoo. Alikuwa amefunga kitambaa cha msiba kiunoni, na uso wake ulikuwa umevimba. Aliweka ndoo chini, hakuondoka.

"Mwamba."

"Ee."

"Ule shofere ya Chouchou. Alikuwa na asiransi?"

Mwamba alifikiri. Alijaribu kuukumbuka uso wa yule dereva, akapata kofia tu, na kiganja kikifungua mlango.

"Sijue. Hatukumuuliza."

"Hata jina yake hatukumuuliza," akasema Yolande.

Akachota maji kwa kopo, akayamwaga mgongoni mwa mumewe polepole, na jioni ile hakumuuliza amerudi na nini.