Giga Mia na Sitini

Mtaani fundi huyu wa vifaa vya umeme walimwita Sumaku, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kila diski ya kuhifadhia mafaili iliyofika mwisho mikononi mwake aliifumua, akang'oa sumaku yake, akaipachika ukingoni mwa meza imshikie skrubu. Meza nzima ilikuwa imeota meno.

Dada yake mkubwa alipomletea kicheza muziki chake abadilishe betri tu, fundi akaona hapa ndipo pa kuonyesha kazi. Ndani kulikuwa na diski kuukuu ya giga thelathini, inazunguka huku inakoroma. Siku hizo zilishaingia za giga mia na sitini, umbo lile lile. Akasema moyoni, dada nitamshtua. Akaweka mpya, akahamisha nyimbo zote, akahesabu: elfu nne na ushee, haukupungua hata mmoja. Ile kuukuu akaifumua kama kawaida yake, na kisahani chake cha kioo, kinachobeba kila kilichohifadhiwa, kikavunjika vipande vipande kama vya diski nyingine zote.

Jumapili mchana nyumba ya dada ilijaa pomoni, majirani mpaka mlangoni. Sumaku akaingia anaringa, kicheza mkononi, akamkabidhi dada.

"Sasa humu zinaingia nyimbo elfu arobaini, dada. Utazeeka hujazimaliza."

"Nyimbo za nini, wewe? Watu wamekuja kumsikia mama."

Mama yao alikuwa ameshatimiza mwaka kaburini.

"Nilimrekodi hospitali kwa kile kimaiki cha kuchomeka," dada akawaambia wageni, kidole kikitafuta. "Saa nzima anawasema watu! Mama mdogo, umo humu, jikaze."

"Kaniita mwizi wa masufuria, najua," mama mdogo akasema, na nyumba ikaangua kicheko.

Dada akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena. Sumaku akawa ameshaelewa. Sauti za kurekodi hazikai na nyimbo, zina mahali pake; yeye alihamisha nyimbo tu. Kwa kawaida yeye humuuliza kila mteja kwanza, "Kuna kingine humo?" Huyu hakumuuliza. Dada yake, amuulize nini?

"Diski yangu ya zamani iko wapi?"

"Dukani."

"Kimbia kailete basi, watu wanasubiri."

"Dada..."

"Usimtume," mama mdogo akasema taratibu. "Huyu si Sumaku huyu?"

 Dada alikitazama kile kioo kidogo cha kicheza kinachowaka.

"Nafasi imebaki kiasi gani humu?"

"Kubwa tu. Zaidi ya giga mia na thelathini."

"Haya, fundi. Niambie niweke nini."

Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.

Kesho yake Sumaku alisimama mbele ya meza yake. Zile sumaku zote zilifanana, asijue ipi ilitoka kwenye diski ya dada. Aling'oa moja, akaigeuzageuza, akairudisha. Akang'oa nyingine. Kisha mteja akaingia na redio, fundi akaifungua, na skrubu zikataka pa kukaa.