Kiti cha Nyuzi Saba

Katika duara la wapiga choro, ule muziki wa filimbi na magitaa, pale Baa ya Amâncio, mtaa wa Ramos, mtu hasemwi ameanguka kwa sababu ya pombe. Kwa pombe walianguka wote na hakuna aliyehesabu. Kuanguka ni pale mpiga filimbi anaporuka katikati ya wimbo akaingia ufunguo mwingine, yaani ngazi nyingine ya sauti, bila kuaga, na mwenye gitaa akabaki nyuma anapiga besi za ufunguo wa zamani, kama mume anayeendelea kumsimulia mkewe habari na mke ameshashuka basi kituo kilichopita. Aliyeanguka hufunga gitaa lake kwenye boksi, akaenda kukaa na watazamaji, na pale baani hagusi uzi mpaka Jumamosi ijayo. Akianguka mara tatu, kiti kinapewa mwingine. Sheria hiyo aliitunga Zózimo, mpiga filimbi mwenyewe, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kumwona yeye akifunga boksi.

Valdemira Quintela alikuwa ameshaanguka mara mbili.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpiga pasi katika duka la dobi, mwenye mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Kiti cha gitaa la nyuzi saba kilipobaki wazi, aliyekikalia alipohamia Niterói kwa mwanawe, Valdemira alikwenda akakiomba. Wanaume walicheka. Zózimo peke yake hakucheka. Alisema aachwe akae, na alikuwa na sababu yake: huyu alikuwa dada wa Lindaura, na Lindaura alikuwa mke wa Zózimo mpaka siku alipobeba nguo na cherehani yake akahamia kwa dada yake. Tangu siku hiyo Zózimo alimwita Valdemira shemeji kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kutaja jipu.

"Karibu shemeji, kaa, kiti hakina miiba," alimwambia Jumamosi ya kwanza, na akamwangusha kabla wimbo haujafika nusu. Jumamosi ya pili alimwangusha kabla povu la bia halijatulia.

Jumatatu iliyofuata Valdemira akaenda Olaria kwa mwalimu wake. Mzee Etelvino alipiga nyuzi saba kwa miaka arobaini mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka, na sasa alifundisha uani kwake kando ya banda la kuku. Kila mwanafunzi aliambiwa kwamba kuku wanaelewa haraka kuliko yeye. Valdemira alimweleza yaliyotokea, akaongeza kwa uchungu kwamba yeye anafanya mazoezi saa mbili nzima kila siku, hakosi hata Jumapili.

Mzee akamuuliza anafanyaje. Akasema anaweka santuri na kupiga nayo kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu anairudia.

"Kumbe," akasema Mzee Etelvino. "Unamfahamu punda wa muuza maziwa? Anasimama kila mlango mwenyewe, hata mwenye nyumba akiwa ameshakufa. Vidole vyako ndiyo huyo punda. Saa mbili kwa siku unamfundisha njia moja, halafu Zózimo anahamisha mtaa na wewe unalia."

"Wewe ndiye mwalimu, Mzee. Mbona hukuniambia miaka yote miwili?"

"Hukuniuliza. Ulikuja hapa kusifiwa."

Valdemira nusura ampige kwa gitaa. Lakini alibaki, na mzee akamwekea masharti. Santuri ifungwe kabatini. Wimbo mzima marufuku. Mazoezi ni dakika ishirini kwa saa ya jikoni, na saa ikilia aache, hata kama ndiyo kwanza utamu unaanza. Kwanza gitaa libaki ukutani, aimbe besi kwa mdomo katika ufunguo mmoja mpaka zitoke zenyewe huku anapiga pasi, ndipo ahamie ufunguo mwingine. Gitaa likishuka, apige pale anapoangukia tu, yaani ile kona ya kutoka ufunguo huu kwenda ule, mapigo manne, taratibu kama anayepita kwenye sakafu iliyodekiwa sasa hivi. Achukue vikombe viwili na maharage kumi. Akipatia mara moja, harage moja linahama kikombe. Akikosea, hata kama ni la tisa, yote yanarudi nyumbani.

"Na ukipiga wimbo wote hata mara moja, nitajua," akasema. "Utarudi hapa unatabasamu."

Siku za masomo zikawa vita. Mzee alipiga mluzi na kuruka funguo anavyotaka, na kila Valdemira alipochelewa alirushiwa punje ya mahindi, kuku wakaja kuidonoa miguuni pake. Ikawa kuku wanamkimbilia akiingia tu langoni. Alimchukia mzee yule kweli kweli, chuki safi isiyotiwa maji. Alimchukia zaidi alipogundua kwamba maharage yalikuwa yanahama.

Kule nyumbani Lindaura naye alikuwa amechoka. Kila asubuhi kabla ya kazi, vipande vilevile vinne vya mlio, halafu maharage yanamwagwa, halafu matusi. Alimwomba dada yake apige basi wimbo wenye kichwa na miguu. Siku moja uzalendo ukamshinda.

"Unahangaika na funguo zote hizo za nini? Yule ataruka Fa, ataruka Sol, ataruka Re, basi. Miaka tisa nimelala na ile filimbi, wewe utaniambia mimi?"

Akaeleza, huku anakata mkate kama anayemkata mtu, kwamba Zózimo alifanya mazoezi bafuni kila asubuhi kwa kitabu kilekile. Palikuwa na ukurasa wa Re bemoli, yaani Re iliyoshushwa nusu hatua, ule wenye alama tano pale mwanzoni mwa mstari. Kila alipoufikia alisema kahawa inapoa, akatoka. Kurasa nyingine zote zilichakaa na kujaa madoa ya sabuni. Ule ulibaki mweupe kama siku ulipotoka dukani.

Valdemira aliweka chini kikombe cha maharage. Akamwomba arudie, polepole. Halafu akaanza kuhesabu upya, na tangu asubuhi ile maharage kumi yalihamia Re bemoli na kurudi. Mwalimu hakuambiwa.

Valdemira hakurudi kukikalia kiti mpaka ilipopita miezi miwili, na Jumamosi hiyo yake ya tatu baa ilijaa mapema. Masufuria ya maharage meusi na mkia wa nguruwe yalikuwa yameshakombwa, watu wamelegeza mikanda. Meza ya pili aliketi Orestes, binamu yake Zózimo, karani wa bandarini, na gitaa jipya mapajani. Hakuwa hata anajificha.

"Shemeji, usijisumbue kukifuta kiti," akasema Zózimo. "Orestes amekuja na kitambaa chake."

"Akishike vizuri. Mtu atajifutia machozi nacho."

Wakaanza: filimbi, tari, lile gitaa dogo la nyuzi nne wanaloliita kavakinyo, na chini kabisa nyuzi saba za Valdemira. Zózimo akaruka Fa, akamkuta ameshafika. Akaruka Sol, akamkuta. Akatabasamu vibaya akaruka Re katikati ya pumzi, mahali ambapo hata mpiga kavakinyo alijikwaa, na besi zikawa zimekaa pale zinamngoja. Mistari miwili ilibaki. Valdemira angetulia tu, wimbo uishe, kiti ni chake. Watu walishaanza kutikisa vichwa kwa kumkubali, na Orestes alikuwa anakikunja kitambaa.

Lakini Zózimo alimkonyeza binamu yake, kama anayesema wiki ijayo. Damu ikampanda Valdemira. Alishusha kidole gumba kwenye uzi mnene, akateremka ngazi moja moja mpaka mlango wa Re bemoli, akaufungua wazi.

Gitaa likifungua mlango, filimbi huingia. Asiyeingia ameanguka, hilo halikuhitaji hata kuandikwa. Zózimo aliingia mguu mmoja. Filimbi ikatoa sauti ya birika, kisha noti mbili zisizohusiana, kisha upepo mtupu.

"Boksi lako lile pale, shemeji," akasema Valdemira. "Au nikusaidie kulifunga?"

Akalifunga mwenyewe. Alikwenda kaunta akawapa wote mgongo, akaagiza kashasa, ile pombe kali ya miwa.

Valdemira alitegemea angalau makofi ya mtu mmoja. Hakupata. Mwenye tari alimtazama kama aliyemwagia watu uji.

"Umefurahi?" akauliza mwenye kavakinyo. "Sasa nani atapuliza?"

Mmoja akafunika chombo chake, wa pili akafuata, Orestes akaondoka na kitambaa chake kikavu, na Amâncio akaanza kupandisha viti juu ya meza. Kiti Valdemira alikuwa nacho, hakuna aliyemnyang'anya. Kilikuwa kiti kama cha kwa daktari wa meno. Na gitaa lake lilijua besi tu. Miezi yote ile hakugusa sauti ya juu hata noti moja.

Akapiga alichokuwa nacho. Alianza upya wimbo uleule, Re bemoli, besi peke yake, akiacha matundu mahali filimbi ilipotakiwa kuwa. Watu walisikiliza kama unavyomsikiliza mtu kwenye simu, upande mmoja tu, ukashindwa kuondoka. Kule kaunta shingo ya Zózimo ilikuwa inageuka nyekundu. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza mbao.

"Acha kuuua huo wimbo," akasema bila kugeuka.

Hakuacha. Alifika sehemu ya pili, tundu kubwa kuliko yote, akalipita polepole kwa makusudi. Glasi ikagongwa kaunta. Zózimo alikuja, akafungua boksi, akaunganisha filimbi kama anayenyonga kuku. Amâncio alimkumbusha kwamba Jumamosi ijayo bado, akaambiwa akaoshe masufuria. Wale wawili wakavifunua vyombo vyao.

Zózimo alikaa, akainua filimbi mdomoni, akaishusha. Wakati alipokuwa anaiunganisha, besi zilikuwa zimeshahama.

"Uko ufunguo gani?" akauliza kwa meno yaliyofungwa.

"Tafuta, shemeji."