Makao ya Mpanda Jabali

Mama alikuwa akipiga pasi kola za mashati ya wahudumu wa hoteli, katika chumba cha nyuma cha dobi, wakati mkwe wake alipoingia bila kubisha hodi. Mkwe alikuwa fundi wa lifti, mtu nadhifu, asiyeinua sauti. Begani alibeba kamba ndefu ya kupandia majabali, imekunjwa vizuri kama inavyouzwa dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kulikoni saa hizi?"

"Binti yako ameanguka."

Mama akaisimamisha pasi. "Amelazwa wapi?"

"Hajalazwa. Ameanguka, lakini hajafika."

"Hajafika wapi?"

"Chini."

Mama akachomoa waya wa pasi ukutani. Akamaliza kulikunja shati aliloanza, kwa kuwa lilikuwa la mtu, kisha akauliza kama binti yake alikuwa amekula. Mkwe hakujua.

Binti huyo kila mtu alimwita Mjusi, kwa sababu utotoni alipanda fremu za milango kabla hajajua kutamka jina lake mwenyewe. Alipokua alijiunga na chama cha wapanda majabali, ambao siku za mapumziko hukutana kwenye jabali lililo nyuma ya ghala la mbao. Kamba yao hupita katika pete ya chuma huko juu. Ncha moja hufungwa kiunoni mwa anayepanda, na upande wa pili hushikwa na mwenzake aliyesimama chini. Mjusi alipanda, mumewe alishika. Ndivyo walivyojuana, na ndivyo walivyooana.

Walimkuta ameketi hewani, usawa wa ghorofa ya tatu, amekunja miguu kama mtu aliye juu ya mkeka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeumia?"

"Bado," akajibu Mjusi.

Wazima moto walikuwa wamekwisha kufika. Mmoja wao alipanda ngazi, akamkumbatia kiunoni na kumvuta. Kwenda juu alikubali, kwenda kando alikubali, ila kushuka ndiko kulikogoma. Miguu yake ilisimama juu ya hewa kama juu ya saruji.

"Dada, wewe umefungwa kwa ndani," mzima moto akasema, akifuta jasho. Wakaikunja ngazi yao, wakaaga kwa adabu, wakaenda kwenye moto uliokuwa ukiwaka kwingine.

Kiongozi wa chama, mama mmoja wa makamo aliyekuwa na vidole vigumu kama mizizi ya tangawizi, alitaka kwanza kujua kilichotokea. Wapandaji wana maneno yao mawili. Anayetaka kamba ivutwe husema "kaza". Anayetaka aongezewe kamba kidogo, apate kunyoosha mkono, husema "achia".

"Nilisema achia," Mjusi akaeleza kutoka juu.

"Alisema acha," akasema mumewe. "Nami nikaacha."

"Yaani mtu yuko juu ya jabali, anakuambia uache, unaacha?" kiongozi akauliza.

"Mimi nafuata ninachoambiwa."

Wakapitisha kamba upya katika pete, wakamrushia Mjusi ncha, naye akajifunga kwa fundo lake la kila siku. Wapandaji wenye nguvu kuliko wote katika chama wakashika upande wa pili, wakaachia polepole. Kamba ikalegea ikaning'inia, lakini Mjusi hakushuka. Wakabadilishana mikono. Mama naye akapewa, akashika kama alivyoelekezwa, akaachia huku akimwomba Mungu. Hakuna kilichosogea.

Basi walipokata tamaa, mkwe akainama kuikusanya kamba, kwa kuwa hakupenda ilale kwenye vumbi. Alipoishika, Mjusi alishuka shubiri moja.

Wote waliona. Mkwe pia aliona, akaiweka kamba chini taratibu kama mtu anayerudisha yai kiotani.

"Upepo huo," akasema.

"Baba," Mama akamwambia, "ishike tena."

"Nimechelewa kazini, mama. Kuna watu wamekwama kwenye lifti."

Na kweli walikuwapo. Akaenda kuwatoa.

Kikao cha ukoo kilifanyika sebuleni kwa Mama, chini ya uongozi wa mjomba wa Mjusi, aliyekuwa mpole kwa kila mwanamume mwenye ajira. Mkwe alikaa mkabala naye, magoti pamoja, kikombe cha chai kikipoa mbele yake.

"Shauri lenyewe ni dogo," Mama akasema. "Aje ashike kamba, mwanangu ashuke. Simdai kitu kingine. Hata radhi asiombe."

Mkwe akaeleza, bila hasira, kwa nini haiwezekani. Endapo angeishika kamba na Mjusi akashuka, watu wangesema kwamba tangu mwanzo kushuka kwa mkewe kulikuwa mikononi mwake. Wangeuliza mikono hiyo ilikuwa wapi siku ile. Naye ni mtu ambaye majengo marefu yanamwamini.

"Kwani ilikuwa wapi?" akauliza Mama.

"Dada, tusimhoji kijana kama mwizi," mjomba akaingilia. "Neno ni neno. Mtu akisema acha, unaacha."

"Hakusema acha. Alisema achia."

"Wewe ulikuwapo?"

"Sikuwapo."

"Basi. Ulimi hauna mfupa, na sikio nalo lina nta. Hapa hakuna mwenye kosa." Mjomba akanywa chai, kisha akamgeukia mkwe kwa utani, ili kikao kichangamke. "Ila tuelewane, mkwe. Umemwacha?"

"Sijamwacha, mjomba. Niliacha kamba tu."

Wanaume wakacheka. Mama akaondoa vikombe.

Siku ya tatu dalali wa nyumba alikuja kwenye jabali, amevaa tai yake fupi na kubeba fimbo ya kuonyeshea viwanja. Alikuwa amewatembeza Mjusi na mumewe mtaa baada ya mtaa kabla Mjusi hajaanguka, na katika kazi yake yote hakuwahi kupata mteja wa namna ile. Wateja wengine huuliza kuhusu maji, umeme na majirani. Mjusi aliuliza nyumba iko mbali gani na jiwe. Jiwe hilo linatazama upande gani jua likipinda. Mvua ikinyesha linakauka upesi au linakaa na utelezi. Na kama mwenye nyumba atakubali kamba mbichi ianikwe dirishani. Mume alitaka ghorofa karibu na barabara kuu. "Mtu haoi jabali," alimwambia mkewe mbele ya dalali. Hatimaye Mjusi alipata nyumba ndogo nyuma ya ghala la mbao, ambamo mtu akifungua dirisha la jikoni huliona jabali lote. Akasema, "Tunachukua." Mume hakubishana. Kesho yake asubuhi, siku ile ya kuanguka, akabeba kamba wakaenda kupanda.

"Ile nyumba haifiki, kwa hiyo mteja wangu bado hana pa kuishi," dalali akamwambia Mama. "Nisipomtafutia mimi nani atamtafutia?"

Akainua fimbo.

"Dada, lile pango unaliona? Ni la kujitegemea kabisa, halivuji, kivuli mchana kutwa. Kasoro yake ni popo. Wale ni wapangaji wa zamani, hawahami hata kwa polisi."

"Jiwe lake likoje?" Mjusi akauliza.

"La unga unga."

"Linavunjika mkononi. Silitaki."

"Haya. Kule kileleni. Tambarare, upepo, mandhari ya kifalme. Na nikwambie siri, kule nyuma kuna njia ya miguu. Mama yako anaweza kupanda pole pole akaja kukaa nawe, mkala sahani moja. Kwa maoni yangu ya kitaalamu, mpandaji hawezi kupata mahali bora zaidi. Unaamka, jabali lote liko chini yako."

Mama aliposikia hivyo alivua viatu vya kazini, akavaa raba alizokuwa ameazima, kwa kuwa alikuwa ameamua kuanza safari saa ile ile. Magoti yake hayakuwa mazuri, lakini njia ilikuwapo.

Mjusi alitazama kilele. Kisha akanyoosha mkono kuelekea ukingo mwembamba wa jiwe uliokuwa kando yake, kwenye usawa ule ule alipoishia. Ulikuwa na upana wa kitanda cha mtoto.

"Na pale?"

"Pale?" Dalali akacheka. "Dada, hata mbuzi atapakataa. Jua la mchana linakupiga usoni, mvua nayo hiyo hiyo. Na hakuna wa kukufikia. Kwa juu ni mbali, kwa chini ni mbali."

"Jiwe lake ni gumu?"

"Gumu, sikatai."

"Nitakaa pale."

Mama akasimama chini kabisa ya binti yake, akainua uso. "Mwanangu, nenda kileleni. Nitakuja leo. Nitakupaka mafuta mikono yako, imepasuka yote, naiona kutoka hapa. Nitalala huko huko. Dobi watapata mtu mwingine."

"Kileleni ni mbali, Mama."

"Si mbali. Nimeshavaa raba."

"Si kwako. Kwa kamba." Mjusi alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mzazi jambo la aibu. "Akija kunishusha, pale ananifikia. Nikiwa kileleni, jiwe linapinda, hatuonani. Hatasikia nikimwambia achia."

Dalali akatazama viatu vyake.

"Kamba yenyewe ameichukua," Mama akasema.

"Ndiyo, maana ni yake. Atakuja nayo."

Mama hakumwomba tena. Alijua kwamba mwanawe alikuwa amepewa achague kati ya mikono miwili, na kwamba mkono aliouchagua haukuwa wa mama yake. Akazivua zile raba, akazifuta vumbi, akazirudisha kwa mwenyewe kabla ya jioni.

Hivyo Mjusi akahamia kwenye ukingo. Kiongozi wa chama alimpandishia godoro jembamba na turubai, akavifunga kwenye jiwe kwa misumari ya chuma, na kamba ya chama akaiacha imepita katika pete. Mama alitundika kapu kwenye kapi, na kila atokapo kazini humpelekea chakula na nguo zilizopigwa pasi. Watoto wa shule walizoea. Barua za Mjusi zilianza kuandikwa kwa anwani ya jabali, na tarishi akaziacha kapuni bila maswali. Chama nacho kilikaa, kikajadili usalama wa wanachama, kikabandika tangazo kwenye mlango wa ghala: kuanzia sasa ni marufuku kusema "achia" wala "acha". Neno rasmi ni "legeza". Wote walipiga makofi, kwa kuwa tatizo lilikuwa limepatikana, nalo lilikuwa neno.

Mkwe alirudi kupanda majira ya baridi. Alikuja na mwanamke mpole, mfanyakazi wa benki, ambaye alitaka kujifunza. Walikwenda mwisho mwingine wa uso ule ule wa jabali, mwanamke akajifunga, akaanza kupanda huku akitetemeka. Mama alikuwa amesimama chini ya ukingo, kamba ya kapu mkononi.

"Legeza!" mwanamke akaita.

Mkwe akalegeza. Alilegeza vizuri sana, kamba ikipita katika vidole vyake taratibu, mkono wa chini haubanduki hata kidogo. Mwanamke akanyoosha mkono, akalishika jiwe, akacheka kwa furaha.

Mjusi aliwatazama mpaka walipomaliza, kidevu juu ya magoti.

"Anashika vizuri," akasema.

"Ndiyo," Mama akajibu.

"Alikuwa akishika hivyo hivyo siku zote, Mama. Hajawahi kusikia vibaya."

Mama akainua uso. Mjusi alikuwa amekwisha kusogea mpaka mwisho kabisa wa ukingo na kujifunga ile ncha ya kamba ya chama kiunoni, kwa fundo lake la kila siku, kwa sababu mkwe na mwanamke walikuwa wakija upande wao. Njia ya kutokea haikuwa na pengine pa kupita. Upande wa pili wa kamba ulining'inia kutoka kwenye pete hadi chini, ukigusa nyasi.

Mkwe alipofika akasimama, kwa kuwa alikuwa na adabu. Kamba ilikuwa karibu na bega lake. Angetikisa mkono tu, angeigusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama akaitikia, maana salamu haikataliwi.

Mkwe akatupa macho juu kwa muda mfupi, kama afanyavyo anapokagua lifti ambayo haikulalamikiwa.

"Amezoea?" akauliza.

Mama akatazama kamba, akatazama mikono safi ya mkwe, kisha akatazama juu, ambako binti yake alikuwa amesimama tayari, ameshika fundo lake, akingoja.

"Amezoea," akasema.

Mkwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamshika mwanamke kiwiko ili asijikwae kwenye mawe, wakaenda zao. Mama akavuta kapu, nalo likapanda.