Nesi Asiye Ndugu wa Mtu

Katika kisiwa chetu chote cha Vava'u hakuna mtu anayejua kutunza siri kama mimi. Hii ya Seluvaia, kwa mfano, nimeitunza vizuri sana mpaka leo asubuhi.

Ilianza na simu. Manase, mume wa Seluvaia, alikuwa Australia akichuma matunda, kama wanaume wetu wengi siku hizi. Msimu ukianza wanaondoka, msimu ukiisha wanarudi na friji na viatu vya kila mtu, wanaimba kanisani Krismasi moja, kisha wanaondoka tena. Seluvaia alishazoea. Simu za Manase zilikuwa fupi, na zote zilihusu nguruwe.

Siku hiyo hakuwaulizia nguruwe.

"Umeshakula?" akasema.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Miaka thelathini ya ndoa Manase hakuwahi kuuliza mkewe amekula nini. Seluvaia akaketi chini.

"Sema, baba watoto."

"Nenda ukapimwe damu."

"Damu yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ni daktari wa huku. Amesema wake wapimwe."

"Wake wa nani?"

"Wetu. Sisi tulioonekana na ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Kaswende," Manase akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya debe. "Ni kitu kidogo, mama watoto. Sindano tu."

"Na hicho kitu kidogo ulikichuma kwenye mti gani?"

Hapo simu ikakatika. Mtandao wa Australia tunausifu kila siku kwamba haukatiki ovyo, lakini siku hiyo ulikatika, na wiki nzima haukupona.

Seluvaia akabaki na nyumba. Watoto wote wako Auckland. Aliwahi kulalamika kwamba nyumba ile ni ndogo, enzi ambazo watu walilala wamepangana kama samaki kwenye kikapu. Sasa alikuwa akioka shelisheli moja na kulila siku mbili. Alilala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, na ule mwingine aliuachia mtu ambaye sasa hakujua amwite nani.

Asubuhi alikwenda kusuka mikeka na wanawake wenzake. Huko ndiko kila jambo la kijiji husemwa. Mume wa nani kalewa, binti wa nani kanenepa upande mmoja, yote hupita mikononi pamoja na miyaa. Seluvaia alisuka kati yao, magoti yakigusana na ya jirani kushoto na kulia. Mara kadhaa alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa, "Miyaa hii imekauka mno."

"Wewe ndiye uliyekauka," akasema Fusi, mwenye ulimi kuliko wote. "Mume akikaa Australia sana mwanamke hukauka. Mpigie simu arudi akumwagilie."

Wakacheka. Seluvaia naye akacheka, maana asipocheka wangemtazama.

Basi akaanza kuwaza mahali pa kupimwa, na kuwaza huko kulimchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Zahanati ya kijiji ilikuwa hatua chache kutoka kwake, lakini nesi wake ni Kalolaine, dada yake Manase. Kwetu dada wa mume si mtu wa kuchezea. Kwenye sherehe yeye hukaa mbele, mkeka mzuri hupewa yeye, na akikohoa wake wa kaka zake hukumbuka kunyamaza. Seluvaia alijiona amesimama mbele ya Kalolaine, amenyoosha mkono utolewe damu, anaeleza. Alijua na swali litakalofuata. Kalolaine asingeuliza kaka yake alikuwa na nani huko Australia. Angeuliza, "Na wewe, wifi, ulikuwa na nani hapa?"

Hospitali ya Neiafu ilikuwa na madaktari wazuri, lakini kila tone la damu la kisiwa hiki hupita chini ya darubini ya Lopeti. Huyo Lopeti ni mtoto wa mama mdogo wa Seluvaia, ndiyo kusema ni kaka yake. Na kaka na dada, kwetu, hawaongelei mambo ya kiunoni. Televisheni ikionyesha watu wanabusiana, mmoja anakumbuka kuna kuni za kupasua nje. Seluvaia angeweza kufa, na Lopeti angezikwa naye kwa aibu.

Akafikiria meli ya kwenda Nuku'alofa, mji mkuu, kwenye hospitali kubwa isiyomjua. Lakini nani amewahi kupanda meli ile kimyakimya? Ungefika gatini ungepewa vikapu vya viazi vikuu vya kupeleka kwa huyu na yule, na ukishuka ungelala kwa ndugu, na asubuhi ndugu wangekusindikiza hospitalini na sufuria na mkeka na mjomba wa kuomba dua. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Ni desturi nzuri sana, mpaka siku unapougua kitu usichotaka kukitaja.

Binti yake aliwahi kumwambia kwamba huko Auckland watu hujipima wenyewe nyumbani, kwa kijiti. Ila kukiomba kijiti ni kueleza cha nini. Tena kifurushi kikifika kutoka ng'ambo majirani wote huja kukifungua pamoja nawe, kwa upendo.

Ni Fusi aliyemwonyesha njia, bila kujua. Alikuwa akiwasema wasichana wanaoranda na wazungu wa mashua za tanga.

"Utawaona wamejipanga pale kliniki ndogo, nyuma ya soko," Fusi akasema. "Kwa yule nesi mpya kutoka Fiji. Ukiwauliza, wote macho. Eti wamekuja kupimwa macho, kwa sababu pale na macho wanapima. Kisiwa kizima kimepofuka ghafla."

Seluvaia akasuka mstari mzima bila kupumua. Nesi kutoka Fiji. Usiku huo alimpekua yule mwanamke kichwani kama mtu anayechambua mchele. Hana shangazi hapa. Hana binamu. Hakuolewa hapa, hakubatiziwa hapa, hajui nani ni nani wa nani. Ni mtu asiye ndugu wa mtu, na kwetu kumpata mtu wa namna hiyo ni kazi kuliko kupata daktari.

Alikwenda siku ya soko, saa ambayo kila mtu ana shughuli na vikapu. Alijifunga kiunoni, kama tuvaavyo kwetu kwa heshima, mkeka mpana kuliko yote aliyonayo, akajitanda kitambaa mpaka kwenye nyusi, akatembea upande wa kivuli. Benchi la kliniki lilikuwa tupu. Akashukuru, kisha akaona uchungu kidogo kwamba lilikuwa tupu.

Nesi aliitwa Vasiti. Alikuwa mnene, mpole, na lugha yetu aliiongea kama mtoto anayevuka kijito kwa kuruka mawe.

"Mama, kuna njia mbili," akasema. "Damu ya mkono, inakwenda hospitali, jibu wiki kesho. Damu ya kidole, hapahapa, jibu sasa hivi."

"Hospitali anaipima nani?"

"Bwana mmoja. Lopeti."

"Kidole," akasema Seluvaia, akakinyoosha kabla hajaombwa.

Vasiti akamchoma, akakinga tone, akaliweka kwenye kibao cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole chenyewe.

"Umekuja na nani, mama?"

"Peke yangu."

Alishangaa kujisikia akisema hivyo. Alipojifungua walikuwapo wanawake saba. Alipovunjika kifundo cha mguu walimbeba watu wa mitaa miwili wakigombana njia. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumgusa akiumwa bila mwingine kusimama karibu akitoa maoni. Sasa alitazama ukuta, na feni, na mgongo wa mwanamke wa Fiji anayenawa mikono.

Mistari ikatokea miwili.

"Ugonjwa upo," Vasiti akasema. "Na dawa ipo. Sindano leo, wiki kesho, na wiki ile nyingine. Halafu kwisha."

Seluvaia alikuwa amejiandaa kulia. Machozi hayakuja. Alichofanya ni kugeuza shingo, kama mtu anayemtafuta aliyekuja naye amwambie, Umesikia? Pale palikuwa na koti la nesi limetundikwa.

Kuufungua ule mkeka mpana kulichukua muda kuliko sindano. Sindano yenyewe iliingia takoni kama jiwe la moto. Alipojifunga tena, Vasiti akamwambia akae benchini nusu saa, asiondoke, kwa sababu dawa ile wengine huwaletea kizunguzungu na yeye lazima amwone. Seluvaia akakaa, tako moja benchini, jingine hewani.

Alikuwa amewahesabu wapimaji wote wa kisiwa mmoja mmoja. Wanaopimwa alisahau kuwahesabu.

Mlangoni akasimama Halapua. Huyu si kaka wa mama mdogo, ni wa tumbo moja. Mwalimu wa kwaya, aliyefiwa na mke miaka minne iliyopita, mtu mwenye shati jeupe kuliko la mchungaji. Walikula kutoka jani moja mpaka sauti yake ilipoanza kukwaruza. Hapo baba yao akamhamishia nyumba ya wavulana, na tangu hapo wao wawili hawakuwahi kubaki peke yao chini ya paa moja.

"Dada," akasema Halapua, akikiambia kizingiti.

"Kaka," akasema Seluvaia, akiuambia ukuta.

"Umejifunga mkeka mzito leo. Nimeuona tangu barabarani, nikasema huo ni usukaji wa dada." Akakohoa. "Unaumwa?"

"Macho. Nimekuja kupimwa macho."

"Macho yanataka kuangaliwa."

"Ndiyo. Na wewe?"

"Mimi nimeitwa kwa habari ya tangi la maji. Linavuja. Nimekuja kulitengeneza."

Mikononi hakuwa na nyundo wala kamba. Halapua, tangu utoto, alikuwa mtu ambaye mama yao alimficha misumari kwa usalama wa nyumba.

Kwa desturi ilimpasa kugeuka aondoke. Akageuka nusu, akasimama. Jasho lilimtoka nyuma ya shingo. Seluvaia aliliona kwa pembeni ya jicho, akakumbuka Jumapili iliyopita alivyoongoza kwaya akiegemea mguu mmoja, akasema ameanguka kwenye mshelisheli. Na yeye sasa alikuwa amekaa vilevile, kwa mguu uleule.

Akajua basi. Na akajua pia kwamba akimwacha aondoke hatarudi. Halapua aliwahi kuliacha jino likaoza mpaka likatoka lenyewe katikati ya zaburi. Mkewe hayupo tena wa kumsukuma mlangoni. Watoto wake nao wako Auckland.

Akainuka, akaliburuta benchi, akakaa tena ameupa mlango mgongo, macho kwenye picha ya watoto wanaopiga mswaki.

"Nenda kalitengeneze, kaka," akasema. "Watu wanahitaji maji."

Akasikia viatu vikisita, kisha vikipita nyuma yake, kisha mlango wa ndani. Akawatazama wale watoto wa mswaki kwa muda mrefu.

Alipotoka Halapua hakukaa. Alisimama mwisho wa benchi, naye amempa mgongo, anatazama uani. Hakuondoka, kwa hiyo Seluvaia akaelewa kwamba naye ameambiwa nusu saa. Walikuwa karibu kiasi kwamba alisikia pumzi yake. Watu wote wa kisiwa aliowapitia kichwani, akiwakataa mmoja baada ya mwingine, na huyu peke yake ndiye ambaye angependa kumwambia. Angesema, Manase kanipigia simu. Angesema, Nilikuja peke yangu.

"Kwaya inaendeleaje?" akauliza.

"Wa sauti za juu wanapiga kelele."

"Ni Fusi huyo."

"Ni Fusi."

Wakabaki hivyo, mgongo kwa mgongo. Walikuwa kama watu wawili wanaosubiri mvua ipite chini ya ukingo mmoja wa nyumba, hawajuani, lakini hakuna anayetaka mwenzake aondoke kwanza.

Vasiti akatoka na kiti. Mtu asiye ndugu wa mtu, basi hakuna aliyemfundisha nani akiwa na nani husemi nini.

"Mzee Halapua, kaa," akasema, kwa ule upole wake. "Kusimama si dawa. Tako wiki ya kwanza linauma sana, leo ya pili si sana. Mtazame mama huyu. Sindano ileile yako, na ndiyo yake ya kwanza, amekaa vizuri."

Hakuna aliyegeuka. Seluvaia alihisi masikio yakimwaka mpaka kwenye kitambaa. Watoto wa kwenye picha wakaendelea kupiga mswaki.

Halapua akainua uso, akatazama paa kama fundi.

"Nesi," akasema, "hili tangi lenu, mmesema liko upande gani?"

"Tangi?" akasema Vasiti. "Hatuna tangi, mzee. Sisi maji yetu ya bomba."